Ukitaka Kusoma Visukuku, Anzia Lyamba lya Mfipa

Mwanafunzi wa sekondari wa Sumbawanga hukutana na visukuku mara tatu, na kila mara kwa mwalimu mwingine. Kwenye Historia anaelezwa habari za Olduvai na zamadamu. Kwenye Jiografia anafundishwa aina za miamba. Kwenye Baiolojia, akiwa kidato cha nne na mtihani unabisha hodi, anapewa mageuko na ushahidi wake, na humo visukuku vinapata aya mbili tatu. Vipande hivyo vitatu hakuna anayemuunganishia, na vingi vimeandikwa kwa Kiingereza. Anabaki na daftari lililojaa istilahi za kukariri, hata kama amezaliwa Muze au Mtowisa, ndani ya Bonde la Rukwa, ambalo wataalamu wa viumbe vya kale hupanda ndege kutoka mabara mengine kuja kulisoma.

Ushauri wangu kwa mwanafunzi huyo, na kwako mwalimu mwenzangu unayemfundisha, ni kuiweka ile orodha ya istilahi kando kwanza. Istilahi za visukuku ukizifuata kwa alfabeti hazishikiki. Ukizifuata kwa utaratibu wa kazi, zinaelewana zenyewe kwa zenyewe. Mtaalamu akisimama mbele ya jiwe anajiuliza maswali matano kwa zamu: jiwe hili ni la aina gani, limelala katika tabaka gani, lina umri gani, kilichomo kilifikaje humo, na ni cha kiumbe gani mwenye ndugu gani. Kila swali lina istilahi zake chache, na kwa mtu aliyeko Ufipa kila swali lina pa kulishikia karibu na nyumbani.

Nianze na suala la mahali. Bonde la Rukwa ni ufa mmoja mrefu, kutoka upande wa Katavi hadi Songwe. Visukuku vilivyolipatia jina vimechimbwa zaidi kwenye mwisho wake wa kusini, katika mikoa ya Songwe na Mbeya, tangu miaka ya mwanzo ya 2000, na kundi la watafiti wa Tanzania na wa nje lililoongozwa na Patrick O'Connor na Nancy Stevens wa Chuo Kikuu cha Ohio, Marekani. Ndani ya mji wa Sumbawanga usitafute dinosaria. Sababu yake ni somo la kwanza kabisa.

Swali la aina ya jiwe ndilo watu wengi huliruka. Miamba iko ya makundi matatu. Ipo miamba ya moto, iliyotokana na uji wa ndani ya dunia uliopoa na kuganda. Ipo miamba ya mashapo, iliyotokana na mchanga, tope na chokaa vilivyotuama, vikalemewa na kushikana. Na ipo miamba geu, ambayo ilikuwa ya namna nyingine kabla ya kupikwa kwa joto na kukandamizwa chini sana ya ardhi. Visukuku karibu vyote hukaa kwenye mashapo, kwa kuwa tope na mchanga ndivyo vinavyofunika maiti bila kuichoma.

Sasa angalia ardhi ya Ufipa, uwanda wenye mji wa Sumbawanga. Sehemu kubwa ya uwanda huu ni miamba geu ya ule mkanda ambao wanajiolojia huuita wa Ubende, yaani naisi na shisti zenye umri wa karibu miaka bilioni mbili. Zilipoumbika, hapakuwa na mnyama yeyote duniani mwenye mfupa wala gamba, na kama palikuwa na vijidudu vya seli moja mahali hapo, joto na mgandamizo vilikwisha kufuta alama zao. Naisi utaitambua kwa mistari yake myeupe na myeusi iliyopindapinda, na kwa chembe zinazometameta jua likiipiga. Ukiiona, hamisha utafutaji wako mara moja. Mwanafunzi anayejua jambo hili tu amejiokolea jasho la bure, na anaweza kujibu swali la mtihani linalouliza kwa nini miamba geu haina visukuku kwa kutoa mfano wa mlima anaouona kupitia dirisha la darasa.

Yapo mawe yanayodanganya, na ni vizuri kuyajua mapema. Madini ya manganizi hupenya kwenye nyufa za mawe na kuchora matawi meusi yanayofanana sana na majani. Hayo si mmea. Mengine ni mavi ya chuma. Wafipa waliyeyusha chuma katika malungu, zile tanuri ndefu za udongo ambazo magofu yake bado yanaonekana mashambani, na taka zilizobaki ni nzito, nyeusi, zenye matundumatundu kama ya ndani ya mfupa. Mtu anaweza kuapa kwamba ameokota mfupa uliogeuka jiwe. Mavi ya chuma yana thamani kubwa ya kihistoria na hayafai kutupwa, ila ni mali ya akiolojia, elimu inayosoma vitu vilivyotengenezwa na kuachwa na binadamu. Kisukuku ni mabaki au alama ya kiumbe chenyewe, na elimu yake ni paleontolojia. Elimu hizo mbili hukutana pale tu kiumbe anayechunguzwa anapokuwa binadamu au zamadamu, kama kule Olduvai, na ndiyo maana watu huzichanganya.

Hata hivyo uwanda wa Ufipa una viraka vya mashapo. Kwenye Namwele na Mkomolo, na chini bondeni upande wa Muze, kuna makaa ya mawe. Hayo ni mashapo ya Karoo, ya kipindi cha Permi, yaani kati ya miaka milioni 299 na milioni 252 iliyopita. Makaa ya mawe ni mimea: misitu iliyoanguka kwenye vinamasi, ikakosa hewa ya kuiozesha, ikafunikwa na kugandamizwa hadi ikabaki kaboni. Mmea unaotajwa zaidi katika misitu ya zama hizo ni Glossopteris, wenye majani ya umbo la ulimi. Majani yake yamepatikana Afrika, India, Australia, Amerika ya Kusini na hata Antaktika, na ni mmojawapo wa ushahidi wa kwanza kwamba mabara hayo yaliwahi kuwa bara moja, Gondwana. Mwalimu anayepata kipande cha makaa chenye mawe ya tope yaliyoshikana nacho akiite kisukuku bila wasiwasi, kisha awaonyeshe wanafunzi jinsi jiwe la tope linavyopasuka kwa kurasa. Katikati ya kurasa hizo ndipo majani hulala.

Swali la pili linahusu tabaka, na hapa ndipo Ufipa ina utajiri ambao shule nyingi duniani zingeutamani. Kanuni yenyewe ni ya zamani. Mwaka 1669 Nicolaus Steno aliandika kwamba mashapo yasipovurugwa, tabaka la chini ni la kale kuliko lililo juu yake, sawa na magunia ya mahindi ghalani: lililowekwa kwanza ndilo liko chini. Umri unaopatikana kwa njia hii huitwa umri wa ulinganisho. Unakwambia kipi kilitangulia, haukwambii miaka mingapi.

Panda mahali popote juu ya Lyamba lya Mfipa, lile genge la ukingo wa bonde, kwenye barabara inayoshuka kutoka Sumbawanga kwenda Muze, utazame ziwa. Uko juu, karibu na mita 1,800. Ziwa Rukwa liko chini, kwenye mita 800 hivi. Mwanafunzi aliyekariri kanuni ya Steno atasema kwamba ardhi ya kule chini ndiyo ya kale. Ni kinyume kabisa. Chini ya miguu yako kuna naisi ya karibu miaka bilioni mbili, na kule ziwani kuna tope lililotuama mvua za juzi. Kanuni ya Steno inahusu matabaka yaliyotandikwa moja juu ya jingine mahali pamoja. Haihusu urefu kutoka usawa wa bahari. Kilichotokea hapa ni ufa. Ardhi ilipasuka, upande mmoja ukazama na mwingine ukabaki juu, na shimo lililofanyika likaanza kujaa mashapo yaliyochukuliwa na mito kutoka pande zote. Ukichimba bondeni utapita mashapo ya ziwa ya zama za karibu, kisha yale ya kale zaidi, kisha mawe mekundu ya mchanga, kisha Karoo, na mwisho kabisa utaikuta naisi ileile uliyokuwa umeikanyaga juu ya genge.

Mpasuko wa namna hiyo hauna budi kuandikwa kwenye daftari kila unapoonekana, kwa maana unavunja mfuatano wa matabaka na kumpotosha anayesoma bila kuangalia. Na hapa haujalala. Juu ya uwanda wenyewe, karibu na Sumbawanga, unapita mpasuko wa Kanda, ambao wanajiolojia wameuhusisha na tetemeko la tarehe 13 Desemba 1910, lenye ukubwa wa takriban 7.4, mojawapo ya matetemeko makubwa kabisa yaliyorekodiwa Afrika Mashariki. Mipasuko hiyohiyo inayotutisha ndiyo inayoinua matabaka ya chini na kuyaanika kwenye makorongo. Bila hiyo, mifupa ya Songwe ingekuwa bado imefukiwa mahali ambapo hakuna jembe linalofika.

Istilahi moja zaidi ya hapa ni fomesheni. Ni fungu la matabaka yanayofanana kiasi cha kupewa jina moja na kuchorwa kwenye ramani, na kwa kawaida huitwa kwa jina la mahali. Katika bonde hili shika mbili. Fomesheni ya Galula ni ya kipindi cha Kretasia, zama za dinosaria. Fomesheni ya Nsungwe iko juu yake, na ni ya Oligosini, miaka milioni 25 hivi iliyopita. Ukisoma habari yoyote ya kisukuku cha Rukwa, tafuta kwanza jina la fomesheni. Hilo pekee litakwambia uko zama zipi kabla hujasoma sentensi ya pili.

Swali la tatu ni la umri. Kwa umri wa miaka, yaani umri halisi, kinachohitajika ni saa, na saa hiyo ni mionzi. Baadhi ya atomi hazitulii. Huvunjika na kugeuka nyingine kwa kasi isiyobadilika. Muda unaotumika nusu ya atomi hizo kugeuka huitwa nusu-maisha. Kwa kaboni-14 ni miaka 5,730. Kwa potasiamu-40 ni miaka bilioni 1.25. Kwa urani-238 ni karibu bilioni 4.5. Kosa ninalokutana nalo zaidi kwenye majibu ya wanafunzi ni kutaja kaboni-14 kwa kila kitu cha kale, mpaka kwa dinosaria. Kaboni-14 ikipita miaka 50,000 hivi inabaki kidogo mno kupimika. Mfupa wa Galula hauna hata chembe ya kupima.

Basi umri wa mifupa ya Nsungwe ulipatikanaje? Kwa majivu. Volkano za kusini mwa bonde zilirusha majivu yaliyotua katikati ya matabaka ya mto na ziwa. Ndani ya majivu mna chembe za madini, zikiwemo zirkoni, ambazo hufunga urani ndani yake zinapoumbika na kuanza kuhesabu tangu siku hiyo. Mfupa wenyewe haukupimwa. Yalipimwa majivu, kisha mfupa ukawekwa mahali pake kwa kanuni ya Steno. Nataka mwanafunzi aone jinsi umri wa ulinganisho na umri halisi unavyofanya kazi kwa pamoja. Vitabu huviweka kwenye safu mbili za jedwali kama washindani, na jedwali hilo limewapotosha wengi.

Mfano wa pili uko kusini mwa uwanda, kwenye maporomoko ya Kalambo, mpakani na Zambia. Mwaka 2023 kundi lililoongozwa na Larry Barham wa Chuo Kikuu cha Liverpool lilitangaza magogo mawili yaliyochongwa yakapachikana, yaliyopatikana upande wa Zambia juu kidogo ya maporomoko, yenye umri wa angalau miaka 476,000. Mti wa umri huo ulinusurika kwa kuwa umelowa maji muda wote, mahali pasipo na hewa ya kutosha kuuozesha. Kaboni-14 isingesaidia. Walipima mchanga ulioyafukia magogo hayo, kwa njia inayotambua mara ya mwisho chembe za mchanga zilipoangazwa na jua. Kumbuka pia kwamba magogo hayo ni ya akiolojia, kwa kuwa kuna mkono uliyachonga, na mkono huo ulikuwepo kabla ya binadamu wa leo kutokea.

Namba hizi huwachanganya hata watu wazima, kwa hiyo fanyeni zoezi moja darasani. Chukueni karatasi ndefu ya kubandika ukutani na kila milimita moja iwe miaka milioni moja. Naisi ya Ufipa itakuwa kwenye mita 2 na dunia yenyewe itaanzia zaidi ya mita 4 na nusu. Makaa ya Namwele yataangukia kati ya sentimita 25 na 30. Ule mwisho wa Kretasia, dinosaria wote wasio ndege walipotoweka, uko kwenye sentimita 6.6. Nsungwe ni sentimita 2 na nusu. Nyayo za Laetoli, zenye miaka milioni 3.66, hazifiki milimita 4, na magogo ya Kalambo ni nusu ya milimita. Mwanafunzi aliyeichora karatasi hiyo kwa mkono wake hatachanganya milioni na bilioni tena.

Swali la nne, kilichomo kilifikaje humo, lina elimu yake iitwayo tafonomia. Inafuatilia kila kilichompata kiumbe tangu alipokufa mpaka alipookotwa. Wengi hawaifundishi, na mimi nadhani ndiyo inayomfanya mwanafunzi aone kwamba visukuku vinasimulia. Dinosaria mmoja wa bonde hili, aliyetangazwa mwaka 2014, anaitwa Rukwatitan bisepultus. Sehemu ya pili ya jina lake ni Kilatini, maana yake aliyezikwa mara mbili, kwa sababu mifupa yake ilifukiwa, ikafukuliwa na mmomonyoko ule wa kale, kisha ikafukiwa tena kabla ya kuwa jiwe. Mwenzake, Shingopana songwensis, aliyetangazwa mwaka 2017, ana mifupa iliyotobolewa na wadudu walioishambulia kabla haijafunikwa. Tundu dogo kwenye mfupa linakwambia kwamba mzoga ulilala wazi kwa muda, jua likiupiga, wadudu wakiutafuna. Ndiyo maana kila kovu, tundu na mkwaruzo huchorwa kwenye daftari hata kama hujui ni wa nini.

Matundu hayo ya wadudu ni visukuku pia. Visukuku vya mwili ni mfupa, jino, gamba, jani. Visukuku vya alama ni nyayo, mashimo, viota na kinyesi. Laetoli ni mfano unaojulikana wa nyayo, lakini Rukwa ina mfano ninaoupenda zaidi. Mwaka 2016 watafiti walieleza viota vya mchwa kutoka Fomesheni ya Nsungwe, vyenye umri wa miaka milioni 25, na ndani yake bustani za kuvu zikiwa mahali pake. Mchwa wa kusini mwa Rukwa walikuwa tayari wanalima. Kila anayeokota uyoga unaochipua kwenye kichuguu mvua zikianza anakula matunda ya ushirika uleule wa mchwa na kuvu. Ukitaka kumfundisha mtoto kisukuku cha alama, mpeleke kwenye kichuguu kilichokatwa na barabara aone vyumba na njia zake. Hilo ndilo umbo ambalo watafiti walilitambua kwenye jiwe.

Tunafika kwenye swali la tano, la majina na undugu. Jina la kisayansi lina sehemu mbili. Ya kwanza ni jenasi, huanza kwa herufi kubwa. Ya pili ni ya spishi, kwa herufi ndogo. Na zote mbili huandikwa kwa mlazo au kupigiwa mstari kwenye mtihani. Majina ya Rukwa yana wepesi wake kwa msomaji wetu, kwa kuwa wagunduzi wengi walitumia Kiswahili. Mnyamawamtuka moyowamkia, aliyetangazwa mwaka 2019, ni mnyama wa Mto Mtuka ambaye pingili moja ya mkia wake ikitazamwa kwa nyuma ina umbo la moyo. Mifupa yake ilionekana mwaka 2004 juu kwenye ukuta wa genge la mto huo, na kuitoa kulichukua misimu hadi 2008, watu wakining'inia kwa kamba na wachimbaji wa makaa ya mawe wakiitwa kusaidia. Kisukuku ambacho jina jipya linafungwa kwacho huitwa holotaipu. Mtu yeyote akija kudai amepata mnyama uleule, lazima alinganishe na holotaipu, hivyo mahali ilipohifadhiwa si jambo dogo. Mifupa ya Tendaguru, Lindi, iliyochimbwa kati ya 1909 na 1913 na mamia ya wafanyakazi Waafrika chini ya msimamizi wao Boheti bin Amrani, iko Berlin mpaka leo. Mwanafunzi wa Kitanzania anayetaka kumwona dinosaria mkubwa wa Tendaguru, mwenye kimo cha mita 13, lazima apande ndege. Naona uchungu kila ninapolifundisha hilo.

Kiumbe ambaye ningemwanza na darasa lolote ni Pakasuchus kapilimai, aliyetangazwa mwaka 2010 kutoka Fomesheni ya Galula, mwenye umri wa miaka milioni 105 hivi. Jina lake la pili linamuenzi marehemu Saidi Kapilima wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, mmoja wa waliouwezesha utafiti wa bonde hili. Ni mamba, ila mdogo kama paka, kichwa chake kinatosha kwenye kiganja. Kisukuku kilikutwa kimefumba kinywa, kwa hiyo meno yalisomwa kwa kupiga picha za eksirei kwa vipande. Na meno yenyewe ni ya ajabu: mbele yana chonge, nyuma yana magego yanayokutana na kusagana. Mamba wa Ziwa Rukwa wa leo ana meno yanayofanana yote, ya kushika na kurarua. Magego ya kusaga tumezoea kuyaona kwa mamalia.

Je, Pakasuchus ni ndugu wa paka? Hapana, na hapa zinaingia istilahi mbili zinazoangusha wengi. Sifa ambayo viumbe wawili wameirithi kwa babu mmoja huitwa homolojia. Sifa ambayo kila mmoja ameipata kivyake kwa sababu ya maisha yanayofanana huitwa konvejensi. Magego ya Pakasuchus ni konvejensi. Mfano wa pili uko upande wa pili wa uwanda, kwenye Ziwa Tanganyika, ukishukia Kasanga au Kipili. Konokono wa ziwa hilo wana magamba mazito, yenye miiba na mapambo, kama wa baharini. Mwishoni mwa karne ya 19 Mwingereza J. E. S. Moore aliwachunguza akahitimisha kwamba ziwa hilo liliwahi kuunganika na bahari ya zama za Jurasi, na mwaka 1903 akachapisha kitabu kizima juu ya suala hilo. Wazo lake halikudumu. Konokono hao walitokana na wa maji baridi, na magamba yao mazito yalijengeka humohumo ziwani. Mtu mwenye bidii na darubini alipotoshwa na kufanana, kwa hiyo mwanafunzi asione aibu kuuliza kila mara: wanafanana kwa kurithi, au kwa kuishi?

Kuhusu nasaba yetu wenyewe, Nsungwe ilitoa mwaka 2013 vipande viwili vya taya vyenye uzito mkubwa wa kielimu. Rukwapithecus fleaglei ni wa upande wa masokwe, na Nsungwepithecus gunnelli ni wa upande wa nyani na tumbili. Wote ni wa miaka milioni 25.2. Kabla ya hapo visukuku vya matawi hayo mawili vilivyojulikana vilikuwa vya miaka milioni 20 hivi, wakati vinasaba vya wanyama waliopo leo vilikuwa vikionyesha kwamba matawi yalikwisha kuachana kati ya miaka milioni 25 na 30 iliyopita. Taya mbili za Rukwa zilijaza sehemu kubwa ya pengo hilo. Katika kuyaeleza haya, epuka kusema kwamba binadamu alitokana na sokwe wa Mahale. Sokwe wa Mahale ni jamaa yetu aliyeko leo. Sisi na yeye tuna babu wa pamoja ambaye hakuwa sokwe wa sasa wala binadamu. Chora tawi linalogawanyika, usichore msururu wa watu wanaoinuka hatua kwa hatua kama ule wa kwenye mabango. Mchoro huo unaeleweka vibaya kila mahali, na kwa familia za wacha Mungu wa Ufipa umezua ugomvi ambao mchoro sahihi usingeuzua.

Na ukikuta kitu? Inawezekana kabisa, hasa kwa anayeishi bondeni, kwenye makorongo yaliyokatwa na mvua. Usikichomoe. Kisukuku kikitolewa mahali pake bila kumbukumbu kinapoteza tabaka lake, na kikipoteza tabaka kimepoteza umri. Maswali mawili kati ya matano hayatajibika tena, na hakuna maabara ya kuyarudisha. Piga picha ya karibu ukiweka kalamu pembeni ili ukubwa ujulikane, kisha picha ya mbali inayoonyesha ukuta mzima wa korongo. Washa simu yako isome mahali ulipo na uandike namba zile zote. Chora mfuatano wa matabaka kutoka chini kwenda juu, rangi na unene wake, na uweke alama palipo na kitu hicho. Usikioshe, usikipake gundi, usikigonge kuona kama ni kigumu.

Halafu toa taarifa kwa serikali ya kijiji na kwa afisa utamaduni wa halmashauri, ili ifike Idara ya Mambo ya Kale. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, pamoja na marekebisho yake ya 1979, hairuhusu kuchimba wala kutoa nje ya nchi vitu vya namna hii bila kibali, na mtafiti yeyote halali, wa ndani au wa nje, atakuwa na karatasi zake. Akija mtu anayetaka kununua mifupa ya mawe kijijini, aombwe karatasi hizo mbele ya mwenyekiti. Nakala ya picha na mchoro wako ibaki kwako, na tarehe iandikwe. Watafiti wanaorudi bondeni msimu wa kiangazi huanza kazi kwa kuwauliza wenyeji wameona nini, na mwenye daftari lenye tabaka, namba za mahali na picha mbili ndiye wanayeondoka naye kwenda korongoni.